Nani Anafumbua Mdomo? Kiswahili katika Filamu za Uhuishaji za Familia na Kazi za Wahuishaji wa Ridhaa

Ikisiri

Tangu majaribio ya sinema ya Vugiri katika miaka ya 1930 hadi katuni zinazochorwa leo kwa simu ya mkononi, Kiswahili kimefika kwenye filamu kwa njia mbili: ama kama sauti inayobandikwa juu ya picha iliyokwisha kukamilika, ama kama sauti ambayo picha huchorwa ili kuifuata. Makala haya yanashikilia kwamba tofauti hiyo ya utaratibu wa kazi ina uzito kuliko mgogoro wa umiliki wa maneno uliozuka baada ya The Lion King. Hoja inajengwa kwa kuihakiki filamu hiyo kwa upande wa lugha, kwa kuitazama historia iliyoitangulia, na kwa kuchunguza jinsi mdomo wa mhusika unavyochorwa ili aseme Kiswahili.

Utangulizi

Wapo watoto wengi wa Afrika Mashariki, waliozaliwa baada ya mwaka 1994, ambao waliyajua majina Simba, Rafiki na Pumbaa kama majina ya wahusika wa filamu kabla ya kuyatafakari kama maneno ya lugha yao wenyewe. Jambo hilo limezoeleka kiasi kwamba halishangazi tena. Hata hivyo, mtafiti wa lugha ana sababu ya kulishangaa. Filamu ya familia hutazamwa na watu wa rika tofauti waliokaa pamoja, na nyumbani mara nyingi mtu mzima ndiye humfasiria mtoto yale yanayosemwa. Filamu iliyojaa majina ya Kiswahili ilimlazimu mama Mswahili amtafsirie mwanawe karibu kila sentensi.

Istilahi zenyewe zinahitaji neno moja. Katika matumizi ya kawaida, Watanzania husema katuni au vibonzo kwa picha za magazetini na kwa zile zinazotembea katika runinga vilevile. Wakenya husema katuni. Neno uhuishaji, kutokana na kitenzi huisha, ni la wataalamu, nalo lina faida ya kutenganisha picha iliyotulia na picha iliyotiwa uhai. Makala haya yanalitumia kwa sababu hiyo. Kwa wale wanaohuisha bila ajira wala mkataba, neno linalofaa lipo tayari katika michezo: ridhaa. Mhuishaji wa ridhaa, kama bondia wa ridhaa, anaweza kuwa hodari kuliko wa kulipwa.

Picha kwanza, lugha baadaye

Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi uliojulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment ulitengeneza filamu 35 ukiwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Uliongozwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham, na sehemu kubwa ya fedha zake ilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani. Hizo hazikuwa filamu za uhuishaji, lakini utaratibu wake wa sauti ndio mzizi wa suala linalojadiliwa hapa. Picha zilipigwa bila sauti, kisha maelezo yakarekodiwa katika santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwa mojawapo. Lori lilizunguka na mashine ya kuonyeshea picha pamoja na santuri zake. Lilipofika kwenye eneo la lugha nyingine, kilichobadilishwa ni santuri.

Kwa upande wa gharama, mpango huo ulikuwa na akili. Picha moja ilihudumia watu wa lugha nyingi. Lakini ulikuwa na sharti lake: mhusika asionekane akisema jambo ambalo mdomo wake ungelisaliti. Kwa hiyo alisema msimulizi, na wahusika wakatenda. Sindano ya santuri ikiruka, hata msimulizi huachana na matendo. Kitengo cha Filamu cha Makoloni, kilichoanzishwa mwaka 1939, kilipopeleka magari ya sinema vijijini, mara nyingi kilimtegemea mkalimani aliyesimama karibu na kitambaa cheupe akieleza kinachoonekana. Lugha ya mtazamaji ikawa ya pembeni, kwa maana halisi ya neno hilo.

Ni haki kusema kwamba watu wa Afrika Mashariki waliugeuza upembeni huo kuwa sanaa. Katika vibanda vya video vya Dar es Salaam, wasimulizi kama Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, walizitia filamu za kigeni Kiswahili cha mtaani, na mtaalamu wa anthropolojia Matthias Krings ameiandika kwa kina historia yao. Uganda ina ma-VJ wake wanaofanya kazi kama hiyo kwa Kiganda. Wasimulizi hao hawakutafsiri tu. Walimcheka shujaa alipofanya upumbavu, waliyalinganisha mambo ya kigeni na ya Kariakoo, na walimtahadharisha mtazamaji kuhusu mhusika asiyeaminika. Mtu akitafuta uhakiki wa kwanza wa filamu kwa Kiswahili katika magazeti pekee, ataukosa mwingi. Ulikuwa ukitolewa kwa mdomo, wakati uleule picha inapopita.

Kando ya sinema, kulikuwa na mila nyingine ambamo neno na mchoro vilizaliwa siku moja. Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyeishi miongo mingi katika kurasa za Taifa, na Chakubanga wa Christian Gregory katika Uhuru, walisema Kiswahili tangu kalamu ilipogusa karatasi. Hakuna aliyewatafsiri. Mchoraji alijua urefu wa sentensi kabla ya kuamua ukubwa wa kiputo cha maneno, na alijua mzaha uko katika silabi ipi. Mila hiyo ndiyo iliyopaswa kuurithi uhuishaji, na kwa muda mrefu haikuurithi.

The Lion King kwa jicho la Kiswahili

Filamu ya The Lion King ilitolewa na Disney katikati ya mwaka 1994. Baadhi ya wasanii wake walikuwa wamezuru Kenya, pamoja na mbuga ya Hell's Gate, kabla ya kuchora. Ustadi wa michoro hauna ubishi: mwendo wa simba, mwanga wa asubuhi, na mkurupuko wa nyumbu bondeni uliosaidiwa na kompyuta, ni mambo ambayo hata mtazamaji wa leo huyastahi. Uhakiki unaofuata unahusu lugha tu.

Swali la kwanza la mhakiki wa lugha ni: ni nani anayetamka maneno ya Kiswahili, na katika hali gani? Mfalme hayatumii, na mrithi wake hutumia Hakuna Matata tu, aliyojifunza kwa Timon na Pumbaa. Wanazungumza Kiingereza, kwa sauti za James Earl Jones na Matthew Broderick. Maneno ya Kiswahili yamewekwa kinywani mwa Rafiki, nyani mganga, ambaye kijiwimbo chake kinayapanga maneno halisi ya Kiswahili kwa ajili ya vina na kicheko, pasipo maana inayoshikika. Na katika vinywa vya Timon na Pumbaa, wanaoishi kwa kula wadudu na kukwepa wajibu. Wakati huohuo, wimbo unaoifungua filamu, jua likichomoza, umeanzishwa kwa Kizulu na Lebo M., na hakuna anayeucheka. Kizulu kilipewa adhama, Kiswahili kikapewa utani. Tena Kizulu kilipata toleo zima la filamu lililotiwa sauti kwa lugha hiyo, ilhali Kiswahili, kilichotoa majina, hakikulipata wakati huo.

Majina nayo yanastahili kutazamwa moja baada ya jingine. Simba ni simba, yaani shujaa hana jina; ameitwa kwa aina yake, kama mtu anayemwita mwanawe Mtoto. Pumbaa ni kitenzi: kupumbaa ni kuduwaa, na jina hilo lina upole fulani unaomfaa mhusika. Jina la fisi jike, Shenzi, ni jambo jingine kabisa. Mshenzi si tusi la kawaida tu. Katika miji ya pwani ya karne ya 19, neno hilo liliwatenga watu wa bara na watumwa dhidi ya waungwana, na baadaye likawekwa kinyume cha ustaarabu. Lilikuwa neno la kuchorea mpaka: huku mji, kule pori. Katika filamu, fisi wanaishi nje ya mpaka wa nchi ya mwanga, wamekatazwa kuingia, na kuingia kwao kunaleta njaa na ukame. Wahakiki wa Marekani walilalamika mapema kwamba sauti za fisi, ikiwemo ya Whoopi Goldberg kwa Shenzi, ziliwafananisha na wakazi wa mitaa ya watu wa tabaka la chini. Mswahili anayeijua historia ya neno hana haja ya lafudhi ili aione hoja yao. Jina limekwisha kusema yote. Kama waandishi walijua walichokichukua au waliokota tu neno lenye mlio mzuri, matokeo ni yaleyale.

Filamu ya pili, ya mwaka 1998, iliyotengenezwa kwa ajili ya kanda za video, iliendelea kufungua kamusi. Kundi lililofukuzwa lina Zira, Nuka, Vitani na Kovu. Kuzira, kunuka, kuwa vitani, na alama ya jeraha: kila aliyetengwa amepewa neno baya linaloeleweka. Kovu, kwa kweli, ni tafsiri ya jina la Scar, ambaye ndiye aliyemteua mtoto huyo kuwa mrithi wake. Halafu pana wimbo kuhusu mahali paitwapo Upendi. Kamusi ina upendo, ina mapenzi, ina mpenzi, upendi haimo. Kosa la irabu moja si janga, lakini linaonyesha kwamba katika studio nzima hapakuwa na msomaji wa Kiswahili aliyekuwa na mamlaka ya kuinua mkono.

Mgogoro uliovuma zaidi ni wa Hakuna Matata. Maneno hayo yalikuwa yamekwisha kuenea kwa watalii kupitia Jambo Bwana ya Them Mushrooms, iliyotoka mwaka 1982, ni Kiswahili cha mapokezi ya hoteli kuliko cha barazani, ambako wengi wangesema hakuna shida au hamna tabu. Disney iliomba nchini Marekani alama ya biashara juu ya maneno hayo mwaka 1994, ikasajiliwa mwaka 2003, na Desemba 2018 ombi la kupinga usajili huo likasambaa duniani. Hasira ilikuwa na msingi wake. Lakini alama ya biashara inahusu bidhaa. Haimzuii mtu kusema. Mjadala uliwekwa juu ya maneno mawili na ukayaacha mengine yote: filamu ya zaidi ya saa moja na robo kuhusu mandhari ya Afrika Mashariki ambamo Kiswahili hakijengi hata mazungumzo mamoja.

Kuandika kwa Kiswahili kabla ya kuchora

Katika studio kubwa, sauti hurekodiwa kwanza. Mwigizaji husoma, mhariri huhesabu picha, na mchoraji huchora mdomo kulingana na kila silabi. Picha 24 zinahitajika kwa sekunde moja, au michoro 12 kila mmoja ukionyeshwa mara mbili. Ndiyo kusema, uhuishaji una lugha iliyofungwa ndani ya mchoro. Filamu ya waigizaji hai ina tatizo hilo pia inapotiwa sauti ya lugha nyingine, ila katika uhuishaji mdomo umetengenezwa na binadamu, picha kwa picha, ukiifuata fonolojia ya lugha moja.

Mfano mdogo unatosha. Mhusika wa Kiingereza akipiga ukelele wa kukataa kwa silabi yao moja, No, mdomo wake unaviringika na kubaki umeviringika. Mtia sauti Mswahili akisema Hapana, ana silabi tatu, zote zenye irabu a, na midomo inayofunga katikati kwa ajili ya p. Mdomo wa pichani haujafunga hata mara moja. Akisema La, amepata silabi moja, lakini irabu imepingana na umbo. Amri fupi za Kiingereza ndizo zinazosumbua zaidi: silabi moja ya kumwambia mtu akimbie inakuwa kimbia, silabi tatu, silabi tatu za kumwambia asichelewe zinakuwa usichelewe, silabi tano. Si kweli kwamba Kiswahili ni kirefu kila mara. Sijamwona ina silabi nne na inabeba sentensi nzima. Tatizo ni kwamba urefu na ufupi haviangukii mahali pamoja. Mtafsiri aliyeajiriwa mwishoni mwa kazi huchagua neno kwa kutazama mdomo, na lugha yake hukakamaa.

Hapo ndipo mfululizo wa Tinga Tinga Tales wa mwaka 2010 unapofunza jambo. Mtindo wake wa kuchora ulitokana na Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wa Dar es Salaam aliyefariki mwaka 1972. Uhuishaji ulifanyika Nairobi katika studio ya Homeboyz, vijana wa Kenya wakiufanya kwa kiwango kilichokubalika na BBC. Wimbo wa utangulizi uliimbwa na Eric Wainaina. Mikono yote ilikuwa ya hapa. Midomo haikuwa: sauti zilitolewa kwa Kiingereza, Lenny Henry akiwa miongoni mwa watoa sauti, na wachoraji wa Nairobi wakahuisha Kiingereza. Mafanikio ya ajira na ujuzi yalikuwa makubwa na yasibezwe. Hata hivyo, studio yenye vipaji ilipata mafunzo ya miaka katika kuchora silabi za lugha nyingine.

Ubongo Kids, iliyoanza kuonyeshwa TBC1 mwezi Januari 2014, iligeuza mpangilio. Ilitengenezwa Dar es Salaam, kwa Kiswahili, kisha ikapata toleo la Kiingereza. Akili and Me, ya watoto wadogo zaidi, ilifuata na baadaye ikasikika kwa Kinyarwanda, Kihausa na Kifaransa pia. Katika Ubongo Kids, jina Kiduchu linamweleza mhusika kwa mtoto kabla hajafumbua mdomo, nalo lina mahaba ya lugha ya nyumbani ambayo kamusi iliyofunguliwa California isingeyapata. Hesabu zinaimbwa, na mkazo wa Kiswahili, unaoangukia silabi ya pili kutoka mwisho, unakaa vizuri kwenye midundo kwa kuwa wimbo uliandikwa ukiufuata.

Kinywa cha mhuishaji wa ridhaa

Mhuishaji wa ridhaa hana studio. Ana simu yenye programu kama FlipaClip, au kompyuta yenye Blender, ambayo imekuwa programu huria tangu 2002. Sauti anairekodi chumbani, mara nyingi usiku, na sauti zote ni zake mwenyewe au za wadogo zake. Hawezi kuchora michoro 120 kwa ajili ya mazungumzo ya sekunde 10. Anauacha mwili umetulia, anabadilisha mdomo tu, na midomo ileile anairudia katika kazi nzima. Basi idadi ya midomo ndiyo bei ya filamu yake.

Mafunzo mengi anayoyapata yanaanzia kwenye chati ya midomo ya Preston Blair, mhuishaji wa Marekani aliyechapisha vitabu vya mafunzo kuanzia miaka ya 1940. Programu ya Papagayo, inayosaidia kupanga midomo kulingana na sauti, hutumia seti hiyo, na kwa Kiingereza hutegemea kamusi ya matamshi, kwa sababu tahajia ya Kiingereza haiaminiki. Kwa neno lisilomo kamusini, mtumiaji huligawanya mwenyewe.

Kiswahili kina nafuu kubwa hapa. Irabu ni tano na kila moja husomwa ilivyoandikwa. Mhuishaji anahitaji midomo mitano ya irabu, mmoja uliofunga kwa m, b na p, mmoja wa meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v, na mmoja wa nusu kufunguka kwa konsonanti zinazotamkwa ndani: jumla minane. Mwenye haraka anaweza kuunganisha e na i, na o na u, akabaki na sita. Kamusi ya matamshi haihitajiki. Jedwali la ukurasa mmoja la herufi na midomo linatosha, na mtoto wa darasa la sita anaweza kulifuata. Kwa vile silabi nyingi huishia kwa irabu, sentensi nyingi humalizikia mdomo ukiwa wazi, na mchoraji aliyezoea Kiingereza huufunga mapema mno.

Pana mtego mmoja ambao chati ya kigeni haiuoni. Katika mtoto, m ni silabi kamili. Midomo inafunga na kukaa, kwa muda unaokaribia wa silabi nyingine. Katika mboga, m imeshikana na b na haina silabi yake. Katika mbwa, m inarudi kuwa silabi, tena ndiyo yenye mkazo. Herufi ni ileile, mdomo ni uleule, muda haufanani. Mchoraji akiupa kila m muda mfupi, mhusika wake ataonekana anasema Kiswahili cha mgeni, hata kama sauti ni ya mzawa wa Lamu.

Wahuishaji wa ridhaa wengi wamejifunza hili kwa sikio. Kazi zao zina kasoro: mandhari ya kuazimwa, mwendo wa kuruka, hadithi inayokatika kabla ya mwisho. Lugha yao si sanifu. Ya Nairobi imejaa Sheng, ya Dar es Salaam ina misemo ya msimu itakayosahaulika mwakani. Taasisi za lugha zinavutwa kuanza na usahihishaji. Lingekuwa pigo lisilo na sababu, kwa kuwa katika kazi hizo wahusika wanaombana, wanadanganyana, wanatukanana na kupatana kwa Kiswahili, mambo ambayo Rafiki na Pumbaa hawakupewa nafasi ya kuyafanya. Kwa upande mwingine, intaneti imejaa hadithi za kifalme za Ulaya zenye sauti ya Kiswahili fasaha juu ya picha zinazotumika kwa lugha nyingi. Ni santuri ya Vugiri katika umbo jipya, na sarufi yake ni safi kuliko ya vijana wa mitaani.

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, na mabaraza ya lugha ya nchi wanachama, yana maombi mengi ya kugharamia matini kwa Kiswahili. Kwa filamu za watoto, swali la kumuuliza mwombaji ni la tarehe: sauti ya Kiswahili itarekodiwa lini, kabla ya mchoro wa kwanza au baada ya wa mwisho? Ombi la tafsiri linaweza kuwa halali, kwa mfano filamu ya elimu ya afya inayohitajika kwa haraka. Lisihesabiwe tu katika fungu moja na lile la mwandishi wa mazungumzo, ambaye malipo yake ni madogo na kazi yake ndiyo inayoamua mdomo utafumbuka wapi. Jedwali la midomo, likiwa limejaribiwa kwa sauti za Unguja, Mombasa, Bujumbura na Lubumbashi, ambako r, l na irabu zinazofuatana hazitamkwi namna moja, ni kazi ya miezi michache kwa wanafonetiki wawili na mchoraji mmoja.